JIRANI KWANZA, NYUMBA BAADAYE

 

Kila mwaka, tangu Oktoba hata Desemba, korosho zinapouzwa minadani na fedha kuwafikia wakulima, sisi huwaona baba wengi wakizunguka pembezoni mwa mji wa Nachingwea na wa Ruangwa, wakitafuta nyumba au kiwanja cha kununua. Nia yao ni njema. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahl aya ya 80, yatukumbusha kuwa nyumba ni mahali pa utulivu tulipopewa na Mola wetu. Lakini nia njema bila ya hadhari humtia mtu majutoni, na kwa hiyo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu mambo manne.

La kwanza ni maji. Fedha za korosho huja mwisho wa kiangazi, wakati ambapo kila bonde ni kavu na kila kiwanja ni kizuri. Anunuaye Novemba huyajua maji ya kiwanja chake Februari, yakiwa yamekwisha ingia chumbani. Yampasa apaone pahala hapo mara mbili: wakati wa kiangazi, ajue kama kisima cha jirani kina maji, na wakati wa mvua, ajue mafuriko hupita wapi. Asiyeweza kungoja na atazame kuta za majirani, maana alama ya matope haifichiki. Kisha awaulize wanawake wachotao maji hapo, si dalali. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huenda hiyo ndiyo sababu ya kiwanja cha mtoni kuuzwa rahisi.

La pili ni uvumi. Wazee wa Nachingwea hawakusahau mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Reli ikajengwa kutoka pwani, mji ukachangamka, na watu wakadhani neema imefika kukaa. Mwaka 1951 mpango ukaanguka, na baadaye reli nayo ikafungwa. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea, ilifanywa wilaya mwaka 1995. Na leo mazungumzo ya huko ni madini ya kinywe, na bei za viwanja hupandishwa kwa maneno hayo. Sisi twasema, nunua mahali ambapo watoto wako wataishi vyema hata kama neema inayosemwa haikuja.

La tatu ni jirani. Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa Jibrili alimuusia sana Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, hata akadhani atapewa fungu katika urithi. Basi nenda mtaa huo baada ya Magharibi. Sikiliza. Je, wasikia watoto wakisoma, au wasikia kilabu cha pombe? Wazee husalimiwa? Msikiti una watu alfajiri? Na msikiti ukiwa mbali kidogo, usivunjike moyo. Banu Salima walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, na Mtume akawaambia wakae majumbani mwao, kwa kuwa nyayo zao huandikwa. Lakini mtoto wa miaka sita ana miguu mifupi. Upime kwanza mwendo wake wa kwenda madrasa na shule.

La nne ndilo kubwa: ardhi ni ya nani? Katika nchi yetu hii ya Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo tangu zamani umehesabiwa kwa upande wa mama, na shamba aliloshika mtu huwa na dada zake, wajomba na wapwa wenye neno. Na sisi Waislamu tunayo mirathi, ambayo haimsahau binti wala yatima. Auzaye peke yake ardhi isiyogawanywa ameuza fungu la wengine.

Hatusemi haya kwa kuwacheka watu. Sisi wenyewe tuliitwa siku moja kushuhudia mauzo ya kiwanja pembezoni mwa Ruangwa. Muuzaji alikuwa mtu wa heshima, bei ilikuwa nzuri, nasi tukatia saini bila ya kuuliza swali hata moja. Nyumba ilipofika kwenye linta wakaja dada watatu wa muuzaji, na mmoja wao alikuwa amewashika mikono yatima wawili, wanafunzi wa madrasa yetu. Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yao wote. Mnunuzi, Mungu amlipe kheri, alilipa mara ya pili mafungu ya wale dada na yatima, na nyumba ikakaa miaka miwili bila ya bati. Fedha yake ilipotea kwa sababu ya ulimi wetu uliokaa kimya. Tangu siku ile hatutii saini mpaka tumewaona warithi wote.

Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana na kuweka mashahidi. Basi nendeni ofisi ya ardhi ya wilaya, mkaulize kama kiwanja kimepimwa na kina hati. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo yenye idhini. Na ikiwa ni nyumba ya mke na mume, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza bila ya ridhaa ya mwenziwe. Basi mke na aulizwe, naye ajibu kwa kinywa chake.

Mtume (S.A.W.) ametuonya ya kuwa mwenye kudhulumu ardhi, hata kiasi cha shubiri, atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kibanda cha udongo cha halali ni bora kuliko jumba lililosimama juu ya haki ya yatima. Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye baraka na majirani wema. Amin.