Umbali wa Tabora na Pwani: Kwa Miguu, kwa Reli na kwa Ndege

Mwanafunzi wa Usoke akiulizwa umbali uliopo baina ya Tabora na pwani, huenda akachukua rula, akapima katika ramani ya ukutani, kisha akazidisha kwa skeli. Jibu lake litamfaa rubani peke yake. Tena si kwa ukamilifu, kwa kuwa ramani ni bapa ilhali dunia ni mviringo.

Ni afadhali kutumia latitudo na longitudo. Bagamoyo ipo karibu na digrii 6.4 Kusini na 38.9 Mashariki, Tabora, digrii 5.0 Kusini na 32.8 Mashariki. Tofauti ni digrii 1.4 na 6.1. Karibu na Ikweta kila digrii, ya latitudo au ya longitudo, ni sawa na kilometa 111 hivi. Kwa kanuni ya Pythagoras hupatikana digrii 6.26, yaani yapata kilometa 695.

Sasa na itazamwe safari yenyewe. Richard Burton na John Hanning Speke walianzia Kaole, jirani na Bagamoyo, wakafika Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Ilikuwa siku ya 134. Burton alikadiria kuwa walikuwa wametembea maili zisizopungua 600, yaani kilometa 965. Ziada hiyo ya kilometa 270 haikutokana na upotevu wa njia. Msafara hufuata maji na chakula, na huuzunguka mlima unaozungukika.

Ukigawanya 965 kwa 134 hupati hata kilometa 8 kwa siku, mwendo usiotimia saa mbili za mtembeaji wa kawaida. Je, wapagazi walikuwa wavivu? La hasha! Mpagazi wa Kinyamwezi, mwenye mzigo wa frasila mbili (kilo 32 hivi), aliweza mwendo mkubwa zaidi ya huo. Siku nyingi zilikwisha kambini: homa, kutafuta wapagazi wengine, kujadiliana hongo Ugogo, kukusanya akiba ya chakula kabla ya kuingia nyika ya Mgunda Mkali. Wastani huhesabu siku za kukaa pamoja na za kwenda, na asiyelijua hilo humdhulumu mpagazi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kutoka Dar es Salaam ni kilometa 840 hivi, ilhali mstari mnyoofu ni 745. Garimoshi haliwezi mwinuko mkali, kwa hiyo reli nayo hujipinda, ingawa si kama njia ya msafara.

Ndege ya mapanga iendayo kilometa 500 kwa saa huhitaji saa moja na nusu kuzimaliza hizo 745. Upepo wa kilometa 30 kwa saa ukivuma kutoka mashariki, kwenda Tabora ni dakika 84, kurudi ni 95.

Lakini abiria wa Usoke hana budi kwanza kwenda Tabora, kilometa 50 hivi. Na ichukuliwe kuwa atatumia saa moja njiani, saa mbili uwanjani, robo saa ya kuruka na kutua, saa moja na nusu angani, na saa moja ya kuingia mjini. Jumla ni saa 5 na dakika 45 kwa kilometa 795: wastani wa kilometa 138 kwa saa, katika chombo kiendacho 500.