Anayetaka Kusomea Sheria Aanze na Cheti cha Kuzaliwa

Kijana wa Ujiji anayetaka kusomea sheria hafanyi mtihani wa pekee wa kuingilia chuo, kama LSAT ya Marekani. Mtihani wake ni ule wa kidato cha sita. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kama D mbili, lakini sheria hugombewa, na mwenye D mbili asiitegemee sana.

Wanafunzi wa tahasusi za HGL na HKL wanalijua hilo. Kinachowakwamisha wengi ni makaratasi ya mkopo wa masomo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia. Ujiji ni mji wa watu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Manyema, na wapo waliozaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga wa mtaani, bila cheti. Wenye cheti nao hukwamishwa na jina. Shuleni mtoto kaandikwa Ramadhani, kwenye cheti Ramadhan. Irabu moja tu, na ombi linasimama. Wazazi, msingoje matokeo yatoke ndipo mkapange foleni. Malizeni jambo hili mtoto akiwa kidato cha tano.

Baada ya hapo kuna lugha, na hapa ndipo ninapowaonea uchungu watoto wetu. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, lakini chuoni sheria bado inafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 2022, katika taasisi ya Dar es Salaam anakopita kila anayetaka uwakili, kati ya watahiniwa 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu, na serikali ikaunda kamati ya uchunguzi chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wote hao walikuwa na shahada tayari.

Kwa hiyo mazoezi yaanze mapema. Hukumu zimejaa kwenye tovuti ya TanzLII, bure. Kijana asome moja kwa wiki, kisha aandike kwa Kiswahili chake: nani kamshtaki nani, wamebishania nini, jaji kaamua vipi na kwa sababu gani. Asipoweza kuieleza hivyo, hajaielewa, airudie. Na Mahakama Kuu ina kanda yake hapo Kigoma, kesi nyingi husikilizwa hadharani. Avae nadhifu, azime simu, akae benchi la nyuma amsikilize wakili anavyomhoji shahidi.