Mbio za magari ya 'stoki': Uhandisi wa milimita, biashara ya mabilioni

Julai 24, 2022, kwenye uwanja wa Pocono katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, dereva Denny Hamlin alivuka mstari akiwa wa kwanza katika mashindano ya magari ya NASCAR. Mwenzake wa timu ya Joe Gibbs Racing, Kyle Busch, alikuwa wa pili. Jioni hiyo hiyo wote wawili walifutiwa matokeo. Wakaguzi walibandua plastiki yenye matangazo ya wafadhili na kukuta, kwenye uso wa mbele wa magari hayo, tabaka za ziada za plastiki ya kunata zisizofika unene wa milimita moja. Ushindi alipewa Chase Elliott, aliyemaliza wa tatu bila kuongoza hata mzunguko mmoja. Tangu mwaka 1960 hakuna mshindi wa ngazi ya juu ya NASCAR aliyekuwa amenyang'anywa ushindi baada ya ukaguzi.

Kwa msomaji aliyezoea kufuatilia bei za hisa na bidhaa, swali la kwanza ni la kawaida: kipande cha plastiki kina faida gani hadi timu yenye jina ihatarishe zawadi, pointi na heshima yake? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza biashara nzima ya mchezo huu. Pale ambapo kanuni zinalazimisha magari yote yafanane, fedha nyingi huishia kununua tofauti ndogo kabisa.

Neno 'stoki' hapa halihusu hisa. Ni lile lile la wenye maduka: mali iliyopo, kama ilivyotoka kiwandani. Bill France alipoanzisha NASCAR mwaka 1948 huko Daytona Beach, jimbo la Florida, wazo lake lilikuwa watu waone magari kama yao wenyewe yakishindana. Mbio za kwanza za magari ya stoki tupu zilifanyika Charlotte, North Carolina, Juni 19, 1949. Aliyetangulia, Glenn Dunaway, alikuwa na Ford ambayo springi zake za nyuma zilikuwa zimekazwa kwa namna iliyotumiwa na wasafirishaji wa pombe haramu, ili gari lililosheheni chupa lisiyumbe kwenye kona wakati wa kukimbia polisi. Alifutwa, na ushindi akapewa Jim Roper aliyeendesha Lincoln. Mwenye Ford alikwenda mahakamani kudai dola 10,000, akashindwa. Kwa hiyo ukaguzi, ujanja wa fundi na kesi vimekuwapo tangu siku ya kwanza.

Watengenezaji wa magari waliona soko mapema. Msemo wao ulikuwa kwamba gari likishinda Jumapili, litauzwa Jumatatu. Haikuwa hivyo kila mara. Mwaka 1969 Dodge ilitoa Charger Daytona, na mwaka uliofuata Plymouth ikatoa Superbird, magari yenye pua ndefu iliyochongoka na bawa refu lililosimama juu ya buti. Yalitengenezwa kwa ajili ya uwanja, lakini kanuni zilidai mamia yake yauzwe kwa wananchi ndipo yaitwe stoki. Uwanjani yalifanya kazi yake: Machi 1970 Buddy Baker aliliendesha Charger Daytona kwa zaidi ya kilomita 320 kwa saa pale Talladega. Dukani, baadhi ya Superbird zililala muda mrefu bila mnunuzi. NASCAR ilipopunguza ujazo wa injini zilizoruhusiwa kwa magari ya aina hiyo kwa msimu wa 1971, hesabu ikawa imefungwa.

Leo jina la stoki limebaki kwa heshima tu. Toyota Camry mpya inayouzwa Marekani tangu toleo la 2025 ina injini ya silinda nne inayosaidiwa na umeme. Camry ya NASCAR ina injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa karibu lita 5.9, na inasukuma magurudumu ya nyuma. Kinachofanana ni sura, na hata hiyo si kamili.

Injini hiyo inaonekana ya kizamani. Valvu zake bado zinasukumwa na fito, na kabureta iliachwa mwaka 2012 tu. Kwa kweli kutafuta nguvu si tatizo kubwa la mafundi. Kanuni ndizo zinazoizuia. Mwaka 1987 Bill Elliott alifikia kilomita 342 kwa saa katika mbio za kupanga nafasi Talladega. Katika mashindano ya wiki hiyo hiyo tairi la gari la Bobby Allison lilipasuka, gari likaruka na kurarua uzio mbele ya watazamaji. Kuanzia 1988 magari ya Daytona na Talladega yaliwekewa bamba la chuma lenye matundu madogo kati ya kabureta na injini. Injini ni pampu ya hewa: ukiinyima hewa haiwezi kuchoma mafuta mengi, na nguvu hushuka. Mwaka 2019 bamba hilo lilibadilishwa kwa kifaa kingine cha kazi hiyo hiyo. Tangu 2022 kiwango kilikuwa nguvu farasi 670 kwenye viwanja vingi na 510 katika vile viwili. Mwaka 2025 NASCAR ilitangaza kuwa viwanja vifupi vingepandishwa hadi 750 kuanzia msimu wa 2026.

Nguvu ikishafungwa hivyo, ushindani unahamia kwenye hewa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka kwa mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Gari linalotaka kutoka kilomita 290 hadi 320 kwa saa linaongeza mwendo kwa asilimia 10 tu, lakini linadai karibu theluthi moja ya nguvu ya ziada. Fundi asiyeruhusiwa kuongeza nguvu hana njia isipokuwa kupunguza ukinzani, au kuitumia hewa hiyo kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ni kuligandamiza gari chini. Sakafu ya gari la sasa ni bapa, na nyuma kabisa inainuka kuelekea bampa. Hewa inayopita chini yake huongeza mwendo, shinikizo lake hupungua kuliko la juu, na gari hunyonywa kuelekea barabarani. Tairi hupata mshiko zaidi bila gari kuongezewa uzito wa chuma. Ndiyo maana umbo la uso wa mbele lina thamani kubwa: pale hewa inapogawanywa, sehemu ya juu, sehemu ya pembeni na sehemu ya chini, ndipo kila kitu cha nyuma kinapoamuliwa. Kipande cha plastiki cha Pocono kilikuwa hapo.

Hewa pia huwafanya washindani kuwa washirika. Magari mawili yaliyofuatana kwa karibu huenda kasi kuliko gari moja peke yake. Gari la mbele hupasua hewa na kuacha nyuma yake eneo la shinikizo dogo linalolivuta kinyume. La pili likiliziba eneo hilo, la mbele hupunguziwa mvuto, na la pili hukuta njia imeshapasuliwa. Wote wanapata, ingawa wa nyuma hupata zaidi. Ndiyo sababu Daytona na Talladega magari huenda kwa kundi, kila dereva akimhitaji mtu ambaye mizunguko michache kabla ya mwisho atalazimika kumsaliti. Kwenye viwanja vingine mambo hugeuka: gari la nyuma hukosa hewa tulivu, mgandamizo wake hupungua, na dereva hushindwa kupita hata kama gari lake ni zuri zaidi.

Kona za Daytona zimeinuliwa kwa nyuzi 31, mwinuko ambao mtu hupata shida kuupanda kwa miguu. Zina nusu kipenyo cha takriban mita 300, na kwa hesabu ya kawaida ya fizikia gari lingeweza kuzizunguka kwa karibu kilomita 150 kwa saa bila kutegemea mshiko wa pembeni wa tairi. Zaidi ya hapo mzigo wote ni wa tairi, hasa za kulia, kwa kuwa gari hukata kushoto. Kwa hiyo tairi za kulia hutengenezwa tofauti na za kushoto na hujazwa upepo kwa kipimo tofauti. Timu hutumia naitrojeni kavu, kwa sababu unyevu ndani ya hewa ya kawaida hufanya shinikizo lipande bila mpangilio tairi inapopata joto. Msambazaji ni mmoja tu tangu 1997, Goodyear.

Tairi ndiyo bidhaa inayoisha haraka zaidi uwanjani. Kubadilisha zote nne na kujaza mafuta huchukua takriban sekunde 10. Ukibadilisha mbili tu unaokoa sekunde kadhaa. Gari linalokwenda kilomita 290 kwa saa hukata mita 80 kwa sekunde moja. Mkuu wa mafundi huamua kama atalipa mita hizo sasa ili azirudishe baadaye kwa mshiko mpya, bila kujua kama ajali ya mwingine itasimamisha mbio na kuharibu hesabu yake. Mwenye duka anayeamua kuagiza mzigo kabla bei haijatulia ataielewa hali hiyo vizuri.

Mwaka 2022 NASCAR ilileta gari jipya lililopewa jina la Next Gen. Kabla ya hapo timu kubwa zilijitengenezea fremu na vipuri, na kujiwekea magari mengi kwa aina tofauti za viwanja. Sasa fremu hutoka kampuni moja, Technique, giaboksi hutoka Xtrac ya Uingereza, na nati tano za gurudumu zimekuwa moja. Kila namba iliruhusiwa magari saba tu. Kugusa kipuri cha msambazaji mmoja ni kosa kubwa: Machi 2022 gari la Brad Keselowski lilikatwa pointi 100 na mkuu wake wa mafundi kutozwa dola 100,000.

Lengo lilikuwa kupunguza gharama. Lakini timu iliyokuwa na karakana sasa ni mteja, na bei haipangi yenyewe. Oktoba 2022 wawakilishi wa timu walisema hadharani kuwa mfumo wa mapato umevunjika, na kwamba wafadhili ndio wanaobeba asilimia 60 hadi 80 ya mapato ya timu. Mfadhili akiondoka, timu haina akiba ya kusimamia.

Gari hilo lilikuwa pia na kasoro iliyogharimu zaidi ya fedha. Kanuni ya ajali ni rahisi: nishati ya mwendo lazima iende mahali fulani, na ikimezwa kwa umbali mrefu na muda mrefu mwili wa dereva huumia kidogo. Baada ya Dale Earnhardt kufariki dunia Daytona, Februari 2001, madereva walilazimishwa kufunga kifaa kinachozuia kichwa kurushwa mbele, na kuanzia 2002 kuta za zege zilianza kuwekewa kuta za chuma zenye mito ya povu nyuma yake, kazi ya wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Next Gen, hata hivyo, lilikuwa gumu mno upande wa nyuma. Kilichopaswa kukunjwa hakikukunjika. Siku moja kabla ya Hamlin kufutiwa ushindi, katika uwanja ule ule wa Pocono, Kurt Busch aligonga ukuta kwa nyuma na kupata mtikisiko wa ubongo. Hakurudi tena kwenye mashindano hayo. Sehemu ya nyuma ya gari ilibadilishwa kwa msimu wa 2023.

Busch alikuwa dereva wa 23XI Racing, timu ya Hamlin na nyota wa mpira wa kikapu Michael Jordan. Timu hiyo pamoja na Front Row Motorsports ndizo zilizoishitaki NASCAR Oktoba 2024 zikidai inahodhi soko. Kiini kilikuwa chata, hati inayoihakikishia timu nafasi katika kila mbio na sehemu ya mapato. Zilitolewa 36 mwaka 2016. Moja iliuzwa mwaka 2018 kwa zaidi kidogo ya dola milioni 6. Nyingine iliripotiwa kuuzwa mwaka 2023 kwa takriban dola milioni 40. Mali ya thamani hiyo ilikuwa na muda wa kuisha, na aliyeitoa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kutoihuisha. Wakati huo huo NASCAR ilikuwa na mikataba ya televisheni ya dola bilioni 7.7 kwa miaka saba, 2025 hadi 2031. Kesi ilisikilizwa Charlotte Desemba 2025 na kumalizika kwa makubaliano ndani ya wiki mbili. Chata zikawa za kudumu.

Mwekezaji mdogo hana mlango wa moja kwa moja. NASCAR ni kampuni binafsi ya familia ya France. Speedway Motorsports, yenye viwanja, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la New York mwaka 1995 lakini ikarudishwa mikononi mwa wenyewe mwaka 2019. Mwaka huo huo NASCAR iliinunua International Speedway, wamiliki wa Daytona na Talladega, kwa dola 45 kwa hisa, jumla ya takriban dola bilioni 2. Hisa zilizobaki sokoni ni za Ford, General Motors, Toyota na Goodyear, ambazo katika vitabu vyao mbio hizi ni mstari mdogo wa matumizi ya matangazo.