Mishumaa ya Mapambo Yaweza Kutengenezwa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za askari nchini Uganda, mshumaa hukumbukwa pale umeme unapokatika. Hutolewa kabatini, husimamishwa juu ya kifuniko cha mkebe, na taa zikirudi husahauliwa. Wachache hufikiri kwamba kitu hicho hicho chaweza kutengenezwa jikoni kwa mikono ya mama wa nyumbani, kikapambwa na kuwekwa mezani siku ya arusi au Krismasi, hata kikauzwa kwa majirani. Kazi yenyewe si ngumu. Lakini ni kazi ya moto, na nyumba za kambini zimebanana, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Mwenye haraka na aiache.

Nta ziko za aina mbili zinazofaa. Nta ya parafini, itokanayo na mafuta ya petroli, ndiyo ya mishumaa myeupe ya dukani. Asiyepata bonge zima huweza kukusanya vipande vilivyobaki na kuviyeyusha upya. Ya pili ni nta ya nyuki, yenye rangi ya manjano na harufu ya asali. Huko West Nile, ambako ufugaji wa nyuki ni kazi ya jadi, masega yaliyokwisha kukamuliwa mara nyingi hutupwa, na kumbe ndiyo mali yenyewe. Masega hayo huchemshwa katika maji, yakachujwa kwa kitambaa kigumu, kisha maji yakiachwa yapoe nta huelea na kuganda juu mfano wa sahani. Sufuria ya chuma kitupu au ya shaba huichafua rangi. Yafaa ya alumini au ya enameli.

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo wengi hukosea. Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja. Hutiwa katika mkebe, na mkebe husimamishwa ndani ya sufuria yenye maji juu ya sigiri. Nta ya nyuki huyeyuka ipatapo digrii 62 hadi 64 za Sentigredi, na Kampala, ambayo iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yafikiapo digrii 96 hivi. Basi maji ndiyo mlinzi: yangalipo sufuriani, nta haiwezi kupata joto la kuwaka, ambalo ni digrii 200 hivi. Yakikauka, mlinzi ameondoka lindoni. Mwenye kuyeyusha nta hana budi kukaa papo hapo, asiende kisimani wala kwa jirani, na watoto wawe nje.

Ikitokea nta kushika moto, isimwagiwe maji kamwe. Maji hugeuka mvuke mara moja na kuirusha nta inayowaka hadi darini. Mkebe hufunikwa kwa kifuniko, na makaa huzimwa. Mchanga mkavu nao hufaa, kama wajuavyo askari waliozoea ndoo nyekundu za kambini. Aliyerukiwa na nta ya moto mwilini atiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na nta iliyoganda juu ya ngozi isibanduliwe kwa nguvu.

Baada ya nta huja utambi, nao ndio roho ya mshumaa. Uzi wa pamba tupu husukwa nyuzi tatu kama nywele. Uzi wa nailoni haufai, kwani huyeyuka. Utambi wa kusuka ulianza kutumika Ufaransa katika miaka ya 1820. Kabla ya hapo watu walilazimika kukata ncha iliyoungua kila mara kwa mkasi maalumu, bali utambi uliosukwa hujikunja kidogo, ncha yake ikatoka pembeni mwa mwali na kuteketea yenyewe. Ukiwa mwembamba mno huzama katika nta na kuzimika. Ukiwa mnene mno hutoa moshi na kuacha masizi ukutani. Nta ya nyuki hutaka utambi mnene kuliko parafini. Hakuna kipimo kimoja kwa wote: ni kujaribu mshumaa mdogo kwanza. Utambi huchovywa katika nta, ukavutwa wima mpaka ukauke, ndipo utumike.

Kalibu zimejaa kila mahali. Kipande cha mwanzi hupasuliwa katikati, kikapakwa mafuta ya kupikia kwa ndani, kikafungwa tena kwa kamba na kuzibwa chini kwa udongo wa mfinyanzi. Nta ikiganda husinyaa na kuacha shimo kuzunguka utambi. Shimo hilo hujazwa nta nyingine. Lakini mshumaa uvutiao kuliko yote ni ule wa mchanga. Mchanga wenye unyevu hushindiliwa katika kasha, chupa hugandamizwa humo ipate kuacha umbo, na vidole vitatu huchoma mashimo ya miguu. Utambi hufungwa kwenye kijiti kilicholazwa juu ya shimo, nta ikamiminwa polepole. Siku ya pili mshumaa hufukuliwa ukiwa umesimama kwa miguu yake mitatu, umevaa ganda la mchanga.

Kwa rangi, wino na rangi ya chakula iliyochanganywa na maji hazifai, maana nta na maji havipatani. Kalamu za nta za watoto huweza kuyeyushwa humo, lakini kidogo tu, kwa kuwa chembe zake huziba utambi.

Wako wanaopenda kuuzungushia mshumaa gome la mutuba, lile Waganda wafanyalo nguo, au maganda makavu ya migomba. Huvutia kweli, na huwaka upesi vilevile. Gome na litandikwe mezani, mshumaa usimame juu ya sahani ya udongo, mbali na pazia na chandarua, wala usiachwe ukiwaka watu wamelala.

Atakaye kuuza aanze na arusi za majirani na sikukuu za kanisani. Nta ya nyuki ikikaa hufunikwa na utando mweupe kama vumbi, na mnunuzi huweza kudhani imeoza. Haijaharibika, ipitishiwe kitambaa laini, nayo itang'aa.