Mfumko wa Sianobakteria: Mwanga, Halijoto na Jina Lisilopotosha

Mfasiri anayeandaa tangazo la afya kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hubeba dhamana kubwa. Akiandika "mwani", msomaji atadhani ni mmea tu usiodhuru. Akiandika "bakteria" bila maelezo, msomaji atayachemsha maji kama alivyofundishwa tangu shuleni, kisha atayanywa bila wasiwasi. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo lenyewe kwanza, ndipo tupendekeze istilahi.

Viumbe tunaowazungumzia ni sianobakteria. Kwa umbile ni bakteria, maana seli zao hazina kiini. Lakini hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na ndiyo sababu zamani wataalamu waliwahesabu kuwa ni mwani. Baadhi yao, hasa wa jenasi ya Microcystis, hutoa sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hudhuru ini.

Mwanga huwafaa kwa namna ya pekee. Ndani ya seli za wengi wao mna vifuko vya gesi vinavyowawezesha kuelea. Wapatapo mwanga mkali hutengeneza wanga mwingi, wakawa wazito, wakazama. Gizani huutumia wanga huo, wakawa wepesi, wakapanda tena. Wakisongamana juu, huwatilia kivuli mwani walio chini yao. Hata hivyo si wote wapendao mwanga mkali: Planktothrix, kwa mfano, hustawi hata penye mwanga hafifu.

Halijoto nayo hufanya kazi mbili. Kwanza, spishi nyingi hukua upesi zaidi maji yafikapo nyuzi 25 za Sentigredi au kuzidi, ambapo washindani wao wengi huanza kulemewa. Pili, maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakaa juu ya maji baridi pasipo kuchanganyika. Upepo ukitulia, viumbe wenye kuelea hupanda na kutanda juu. Upepo ukivuma, maji huvurugika na utando huo hutawanyika.

Lakini mwanga na halijoto pekee havitoshi. Hapana budi pawepo rutuba, yaani fosforasi na naitrojeni, zitokazo mashambani na katika maji machafu ya miji. Ziwa Viktoria lina joto mwaka mzima; kwa hiyo huko halijoto haigawi majira waziwazi kama katika Ziwa Erie la Marekani, ambako mifumko hutokea wakati wa kiangazi. Katika ghuba zenye kina kifupi, kama ile ya Winam nchini Kenya, rutuba na utulivu wa maji huwa na uzito mkubwa.

Ziwa Erie hilo lilitoa funzo mwezi Agosti 2014. Maikrosistini ilionekana katika maji ya bomba ya mji wa Toledo, na watu zaidi ya 400,000 wakaambiwa wasiyanywe wala wasiyachemshe. Sababu ni kwamba moto wa jikoni huua seli lakini hauiharibu sumu hiyo; seli zikipasuka huimwaga majini, na maji yakipungua kwa mvuke sumu huzidi kukolea. Joto linalowastawisha viumbe hawa ziwani si dawa ya sumu yao chunguni.

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Sianobakteria litumike vitabuni na katika ripoti za kitaalamu.

(b) Mfumko liwe jina la kuongezeka kwao kwa ghafula na kwa wingi. Tusifasiri neno la kigeni kwa kusema "maua", wala tusitumie "magugumaji", ambayo ni mimea mingine kabisa.

(c) Utando liwe jina la tabaka linaloelea juu ya maji. Mfumko waweza kuwapo bila utando, viumbe wakiwa wametapakaa majini.

(d) Halijoto ni kipimo. Joto ni nishati. Kwa hiyo twasema "halijoto ya maji ni nyuzi 26", si "joto la maji ni nyuzi 26".

(e) Katika matangazo kwa umma neno sumu litangulie, na lifuatwe na maneno haya: "Kuchemsha maji hakuiondoi."

Aidha, mfasiri asiandike kwamba kila maji ya kijani yana sumu, wala kwamba maji yaliyotakata hayana. Macho hayawezi kuitambua. Hutambuliwa kwa vipimo vya maabara.

Walimu na wafasiri walio karibu na maziwa wanajua majina ambayo wavuvi huyaita maji ya namna hii. Tungefurahi kuletewa majina hayo, kwani istilahi iliyokwisha kukaa vinywani mwa watu haina haja ya kutangazwa mara mbili.