Kerezo Dogo kwa Mpenzi wa Saa wa Ujiji

Mtu atengenezaye saa kwa mapenzi tu, wala si kwa riziki, huja wakati akamaizi kwamba bisibisi, kibanio na kioo cha kukuzia havimtoshi, na hapo moyo wake huanza kulitamani kerezo dogo, mashine ya kukerezea chuma ikaayo pembeni mwa meza, mfano wa zile za Kijerumani za Boley na Lorch ambazo hata leo huuzwa zikiwa zimekwisha tumika. Kwa mkazi wa Ujiji au Kigoma tamaa hiyo ina hoja nzito, maana reli ya kati ililifikia ziwa tangu 1914, lakini kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa takriban kilomita 1,250, na vipuri vya saa za kale hata huko ni adimu. Wasafiri Burton na Speke, waliowasili Ujiji mwezi wa Februari 1858, saa zao za majira ziliwaharibikia safarini pasi na fundi wa kuzihuisha, ikawabidi kupima nukta kwa risasi iliyofungwa uzini ikaachwa iyumbe.

Lakini yafaa tuulize kwanza ni maradhi gani yanayozileta saa mezani. Tangu Seiko walipotoa saa ya mkononi ya kwatzi mwishoni mwa 1969, saa za betri zimeenea kila mahali, na hizo aghalabu huzimika kwa betri kwisha au kwa maji kupenya, ajali isiyo ngeni kwa wavuvi wa dagaa wa Kibirizi. Hata Seiko 5, ijijazayo yenyewe kwa mwendo wa mkono, mara nyingi huchelewa kwa vumbi na mafuta yaliyoganda. Dawa yake ni kuifungua, kuiosha, kuikausha na kuitia mafuta kwa kipimo, wala kerezo halina kazi hapo.

Kazi yake hudhihiri katika saa za kale, zilizoundwa kabla ya kinga za mshtuko kuenea, ambazo zikianguka sakafuni hukatika ncha ya mhimili wa lile gurudumu liendalo mbele na nyuma. Fundi hukibana kijiti cha chuma kigumu katika kerezo, akakizungusha na kukichonga kwa kipatasi alichokinoa mwenyewe, akipunguza kidogo kidogo huku akipima, hata ncha ifikie unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, mfano wa unywele, kisha akaing'arisha mpaka iingie katika tundu la kijiwe cha yakuti bila kubana wala kuchezacheza. Mkono wa kazi hiyo haununuliwi pamoja na mashine. Hupatikana kwa kuharibu vijiti vingi.

Basi rai yangu ni hii: atengenezaye saa za jamaa zake tu asilinunue kerezo, bali fedha hizo azitie katika mafuta mazuri na mashine ya kupimia mwendo wa saa. Mwenye shauku ya saa za mfukoni za mababu, huyo atapata faida, na bora zaidi wapenzi watatu au wanne wachangiane moja. Kabla ya kulipa, wahakikishe kwamba vibano vyake vimo, kwani kuvitafuta kimoja kimoja baadaye huweza kugharimu kuliko kerezo lenyewe. Kisha waushike mhimili wake na kuutikisa, na ukicheza, waliache kerezo hukohuko dukani.