Gemu za Bei ya Kutupa Mtandaoni: Kwa Nini Namba Uliyoinunua Leo Inaweza Kufutwa Kesho

Na Mwandishi Wetu, Tarime

Kijana wa Tarime Mjini, Sirari au Mugumu ambaye zamani alilipia dakika chache za kucheza kwenye runinga ya mwenye banda, leo anaweza kuwa na gemu yake mwenyewe kwenye kompyuta, kwenye mashine ya PlayStation au kwenye simu ya mkononi. Pamoja na mabadiliko hayo imekuja biashara ambayo wazazi wengi hawaijui: uuzaji wa namba za kufungulia gemu kupitia makundi ya WhatsApp na Telegram, kurasa za Instagram na tovuti za nje ya nchi. Gemu mpya ambayo kwenye duka rasmi huuzwa kwa dola 60 za Marekani, yaani takribani Shilingi 150,000, hutangazwa huko kwa nusu ya bei au pungufu ya hapo.

Wachezaji huiita namba hiyo "kodi". Katika makala haya tutaiita namba ya kufungulia, ili msomaji asiyefuatilia gemu asidhani kwamba tunazungumzia mapato ya Serikali.

Namba ya kufungulia ni mfululizo wa herufi na tarakimu ambao mnunuzi huuingiza kwenye akaunti yake, na gemu ikafunguka. Kwa aliyewahi kukwangua vocha ya muda wa maongezi, jambo hili si geni. Vocha hutumika mara moja tu, na aliyewahi kuisoma kabla yako anaweza kuwa ameshaitumia. Vivyo hivyo kwa umeme wa LUKU: tarakimu 20 unazopewa hufanya kazi kwenye mita moja tu, hata ukizinakili kwa mwandiko mzuri namna gani. Namba ya gemu ina sifa zote mbili hizo, na inazidi kwa sifa ya tatu ambayo ndiyo chanzo cha matatizo mengi: aliyeitoa anaweza kuifuta hata baada ya kutumika. Sababu ni kwamba mnunuzi wa gemu ya mtandaoni hanunui gemu yenyewe kama anunuavyo jembe dukani. Hununua leseni ya kuitumia, na leseni hubaki chini ya masharti ya mwenye duka. Mkataba wa duka la Steam, lililoanzishwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003, unaeleza hivyo waziwazi, ingawa ni wachache wanaousoma kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali.

Je, bei hiyo ndogo hutoka wapi? Ni haki kusema kwamba si kila namba ya bei nafuu ni ya wizi. Baadhi hununuliwa wakati wa punguzo na kuwekwa akiba, nyingine hutolewa bure katika matangazo kisha zikauzwa, na nyingine hununuliwa katika nchi ambako kampuni imepanga bei ya chini kulingana na kipato cha watu wake. Yapo pia maduka ya mtandaoni yenye mkataba na watengenezaji, kama Humble Bundle, Fanatical na Green Man Gaming, ambayo hupata namba moja kwa moja kutoka kwa mwenye gemu na mara nyingi huuza kwa punguzo halali.

Tatizo ni namba zinazonunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa, na hapa inafaa kwenda polepole. Mwizi akipata taarifa za kadi ya mtu aliyeko nchi nyingine, hawezi kununua friji, kwa kuwa friji inahitaji anwani ya kupelekwa. Namba ya gemu haihitaji anwani. Hufika kwa barua pepe ndani ya sekunde chache. Mwizi hununua namba nyingi kwa kadi hiyo, kisha huziuza haraka kwa bei yoyote, maana kila anachopata ni faida tupu. Siku au wiki kadhaa baadaye mwenye kadi anagundua fedha zimepungua na kulalamika benki. Benki inarejesha malipo, na mtengenezaji wa gemu ananyang'anywa fedha alizokwisha kupokea, tena akitozwa gharama ya usumbufu. Naye anatafuta namba zilizotokana na malipo hayo na kuzifuta. Wakati huo namba imeshapita mikononi mwa watu watatu au wanne, na wa mwisho katika mnyororo huo anaweza kuwa kijana wa Mugumu aliyelipa kwa fedha za simu, akiwa hajui lolote kuhusu kadi iliyoibwa.

Mambo haya yameshatokea, na kumbukumbu zake zipo. Januari 2015 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilifuta namba za gemu zake, ikiwamo Far Cry 4, baada ya kubainika kwamba zilinunuliwa kwa kadi za wizi kwenye duka lingine na kuuzwa upya kupitia masoko ya watu wa kati. Wachezaji waliamka na kukuta gemu hazipo kwenye akaunti zao. Baada ya malalamiko, kampuni iliwarudishia waliokwisha kuanza kucheza, lakini hiyo ilikuwa hisani ya kampuni. Mwaka uliofuata, kampuni ndogo ya tinyBuild ilidai hadharani kwamba namba za gemu zake zenye thamani ya rejareja ya takribani dola 450,000 zilikuwa zimeuzwa kwenye soko la G2A bila yenyewe kunufaika. Shauri lililofika mwisho ulio wazi zaidi ni la Wube Software, watengenezaji wa gemu ya Factorio. Mei 2020 G2A ilikubali kuwalipa dola 39,600 baada ya uchunguzi kuthibitisha kwamba namba 198 zilizopatikana kwa wizi ziliuzwa kwenye soko hilo mwaka 2016. Zingatia muda uliopita: miaka minne, kwa kampuni yenye kumbukumbu kamili na sauti ya kusikika. Mnunuzi mmoja aliyeko Sirari mwenye picha ya skrini ya mazungumzo ya WhatsApp ana nafasi ndogo zaidi ya kulipwa.

Watanzania wanaokumbuka tarehe 16 Juni 2016 wanaijua hali hii kwa njia nyingine. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zenye namba tambulishi bandia. Walioathirika wengi hawakughushi chochote. Waliingia dukani, wakalipa, wakatoka na simu iliyokuwa ikipiga na kupokea vizuri. Simu ilifanya kazi mpaka siku ilipolinganishwa na orodha rasmi. Namba ya gemu iliyonunuliwa kwa mtu wa kati nayo hufanya kazi mpaka orodha isomwe, na kwa hiyo kauli ya muuzaji kwamba "ijaribu kwanza, ikifunguka ndiyo unilipe" haina uzito mkubwa kama inavyosikika. Kufunguka leo hakuthibitishi uhalali wake.

Ipo pia hatari ya mipaka ya nchi. Namba nyingi hufungwa zifanye kazi katika eneo fulani la dunia tu. Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Valve na watengenezaji wengine watano faini ya jumla ya Euro milioni 7.8 kwa kuzuia namba zilizonunuliwa katika baadhi ya nchi za Ulaya zisitumike katika nchi nyingine za Ulaya. Uamuzi huo unawalinda wanunuzi wa soko la Ulaya. Anayenunua akiwa Tarime namba iliyokusudiwa Amerika ya Kusini hana kinga ya namna hiyo, na mara nyingi muuzaji humjibu kwamba maelezo ya eneo yaliandikwa chini ya tangazo.

Lazima tukiri kwamba mazingira yenyewe yanawasukuma vijana wetu kwa watu wa kati. Mtandao wa PlayStation hauna duka rasmi la Tanzania, hivyo wenye mashine hizo hujisajili kama wakazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kutafuta vocha za nchi hizo. Steam haipangi bei kwa Shilingi, huonesha dola. Kijana asiye na kadi ya benki anaona mlango umefungwa, na mtu wa kati anayepokea fedha kwa simu anaonekana mwokozi. Kwa sehemu ni kweli anatoa huduma. Hata hivyo, baadhi ya kampuni za simu nchini sasa hutoa kadi ya malipo ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya fedha ya mteja, na mteja huweka humo kiasi anachotaka kutumia tu. Kwa gemu zinazouzwa Steam au kwenye maduka ya simu, kadi hiyo inaondoa sababu kubwa ya kumtafuta mtu wa kati.

Aina mbili za biashara zinastahili tahadhari ya pekee kwa sababu ndizo zinazowafikia watoto. Ya kwanza ni kuuziwa akaunti badala ya namba. Muuzaji hukupa jina na nywila ya akaunti yenye gemu ndani yake, kwa bei ndogo kuliko zote. Akaunti hiyo ilifunguliwa kwa barua pepe yake, na anaweza kuirejesha mikononi mwake wakati wowote kwa kubadili nywila, au kuiuza kwa watu kumi kwa pamoja. Ya pili ni almasi na fedha za ndani ya gemu za simu kama Free Fire na PUBG Mobile. Hapa muuzaji huomba aingie mwenyewe kwenye akaunti ya mtoto ili "akuwekee", au hununua kwa kadi isiyo yake. Malipo yakirejeshwa, kampuni ya gemu hukata kile kilichoongezwa na inaweza kuifungia akaunti nzima, pamoja na kila alichokusanya mtoto kwa miaka.

Hasara ya gemu moja, kwa maoni ya mwandishi, si kubwa ikilinganishwa na hatua inayoweza kufuata. Muuzaji asiye mwaminifu aliyeshapokea fedha hudai kwamba malipo "yamekwama" na kuomba namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu, namba ya siri ya akaunti ya fedha au picha ya kitambulisho cha Taifa. Simu anayotumia mtoto wa shule mara nyingi ni ya mzazi. Ndani yake kuna fedha za mauzo ya mahindi au ndizi, mchango wa kikundi, pengine na mkopo. Hakuna gemu duniani inayohitaji namba ya siri ya akaunti ya fedha ya simu ili ifunguke.

Kwa anayenunua ndani ya nchi, njia ya malipo yenyewe hueleza mengi. Malipo kwa Lipa Namba huonesha jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Muuzaji anayesisitiza atumiwe kwenye laini ya mtu binafsi, hasa yenye jina tofauti na alilojitambulisha nalo, anastahili kuulizwa sababu. Pale Sirari, ambako laini za Tanzania na Kenya hutumika barabara moja, ni vema kukumbuka kwamba fedha iliyotumwa kwenye laini ya nchi jirani inafuatiliwa kwa taratibu za nchi hiyo.

Sheria za nchi hazijanyamaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu unaofanywa kwa kutumia kompyuta na simu kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza upotoshaji kwa mlaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa wale wanaokusanya picha za vitambulisho vya watu bila sababu halali. Sheria hizo zinamfikia kwa urahisi muuzaji aliyeko Musoma au Mwanza. Kumfikia asiyejulikana, aliyeko bara lingine na anayetumia jina la kubuni, ni kazi ya muda mrefu ambayo mara nyingi hugharimu kuliko gemu yenyewe.

Mwananchi aliyekwisha kutapeliwa aanze kwa kuwasiliana mara moja na kampuni ya simu aliyotumia kulipa, kabla fedha haijatolewa kwa wakala. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040 ya TCRA, na mfumo humuuliza mtumaji namba iliyoutuma. Ambaye alitoa picha ya kitambulisho chake apige *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Taarifa ya jinai hupelekwa kituo cha Polisi kilicho karibu: wakazi wa Tarime wanahudumiwa na Mkoa wa Kipolisi Tarime/Rorya, na wa Serengeti na Polisi Mkoa wa Mara. Usifute mazungumzo kwa hasira. Ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, jina lililojitokeza wakati wa kulipa, tangazo lenyewe na ile namba ya kufungulia, hata ikiwa haifanyi kazi, vyote vipelekwe kituoni vikiwa bado ndani ya simu vilimopokelewa.